Buluu Isiyotangulia

Sampuli namba mia moja na tatu
imefariki saa kumi kasorobo alfajiri.
Nimeandika daftarini: *saa arobaini na moja.*
Nyekundu, jirani yake, ana mwaka wa tatu sasa,
anawaka tu, kama mtu asiyedaiwa.

Hapa ni Dresden, Januari, theluji imeshakuwa tope.
Tramu ya kwanza inakwaruza kona.
Lejna Šołćic anaingia na baridi mabegani,
kabla ya kuvua koti anauliza, "Ngapi?"
Namwambia.
Anacheka kwa puani,
anatia mikono katika glovu za sanduku la naitrojeni,
mikono minene, myeusi, isiyo yake,
anaanza upya.

Nikueleze kazi yetu, wewe
unayesoma haya kwenye kioo cha simu.
Tunachukua unga, haujazi kijiko cha chumvi,
tunaupasha moto ndani ya ombwe,
unapanda, unatua juu ya kioo,
utando mwembamba hata unywele
ukilazwa kando yake ni mlima.
Kisha umeme. Kisha nuru,
na hapo ndipo hesabu inapouma:
katika kila chembe nne za nguvu
moja hutoka ikiwa mwanga,
tatu hupotea gizani, joto la bure.
Kijani tulimfundisha asimwage. Nyekundu naye akasikia.
Buluu kakaidi.
Buluu ana nguvu kuliko ngozi yake;
kinachomfanya awe buluu
ndicho kinachomfungua vifundo,
kaboni ikaachana na naitrojeni.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na huyu nguo yenyewe ni mwali.

Na kufa kwake si kuzimika.
Akipungua sehemu tano katika mia
tunamhesabu maiti.

Ijumaa moja Lejna alileta kitambaa.
Babu yake alikuwa mtia nili huko Pulsnitz,
Msorbi, wa kabila dogo lenye lugha yake
katikati ya Wajerumani,
mikono buluu hadi kwenye kiwiko,
sabuni ilishindwa, hata waosha maiti walishindwa.
Tukakitandaza juu ya meza ya mizani.
Miaka sabini. Kimepauka.
Nikasema, kwa upole niliodhani ni upole,
"Hata huyu alififia."
"Tazama vizuri," akasema. "Kimefifia *chote*.
Maua na uwanja wake, hakuna aliyemwacha mwenzake.
Sitafuti buluu isiyokufa, nani kaniahidi hiyo?
Natafuta buluu isiyotangulia."

Maana akitangulia, nyuso kwenye skrini
hugeuka rangi ya karatasi kuukuu,
theluji huugua manjano,
na mtu hufuta kioo kwa shati
akidhani ni vumbi.

Basi tukamvua haidrojeni yake
tukampa ndugu wa haidrojeni, yule mzito,
asiyetikisika upesi.
Namba mia moja na kumi: saa tisini.
Mia moja na kumi na tisa: saa mia tatu, tukanunua keki.
Mia moja na ishirini: dakika sita.
Keki ilikuwa bado haijaisha.
Mfadhili akaandika kuuliza lini.
Lejna akamjibu kwa Kisorbi, makusudi.

Leo ni Mei.
Mia moja na thelathini na moja iliwashwa mwezi Machi.
Saa elfu moja mia nane na tisa,
na zile tano katika mia hazijatimia.
Hatusemi kitu. Hatununui keki.
Lejna ameketi mbele ya kidirisha anakula mkate wa jibini,
mikono ya sweta ameikunja.
Nimezima taa za maabara ili nisome kipimo.
Ni kidoa tu, kidogo kuliko punje ya mtama,
lakini katika giza lile nimeiona mikono yake:
buluu,
hadi kwenye kiwiko.